Kikombe cha Siku ya Tatu

Kikombe chenyewe ninacho bado. Ni cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi ukingoni, na kimekaa kwenye kabati langu hapa Makanyagio nyuma ya sahani za wageni. Sikukiiba, msije mkanisema. Wodi ilipoletewa vikombe vya plastiki hiki kilikuwa cha kutupwa, nikakichukua kwa ukumbusho. Siku hizi nikifungua kabati nakisukuma nyuma zaidi, mgeni asije akanywea chai.

Nimeombwa niwaandikie nyie mnaoanza uuguzi, niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa. Kama mlitaka habari za sifa, mngemwomba mwingine. Mimi ni Skolastika, mjini hapa wananiita Nesi Skola, na nimekaa wodini miaka thelathini na miwili. Nimezalisha, nimefunga vidonda, nimeosha maiti. Hospitali niliyofanya kazi sitaitaja kwa sababu kosa nitakalolieleza ni langu. Ujuzi mtaupata vitabuni na kwenye simu zenu. Mimi nawaachia aibu, maana hiyo haiuzwi dukani.

Haya, ujuzi kidogo kwanza, nisionekane bibi wa kulialia.

Mgonjwa wa kiharusi aliyepooza upande mmoja msimvute mkono. Mwezi wangu wa kwanza wodi ya wanaume nilimkamata mzee mmoja mkono uliolegea, nikamvuta ili akae. Bega likashuka, akapiga ukelele mpaka walio nje wakachungulia dirishani. Muuguzi wetu mkuu, Mzee Wilbroad, Mfipa mrefu mwenye sauti ndogo, hakunigombeza mbele ya mgonjwa. Aliningoja stoo. Akachukua bendeji, akanifunga mkono wangu wa kulia kifuani, akaniambia nimalize zamu hivyo hivyo. Nilimwaga dawa, nilishindwa kufunga vifungo, na habari za chooni naziruka. Jioni akanifungua na kusema, "Sasa unajua unachokivuta." Alikuwa mwalimu wa namna hiyo. Nilimpenda kama baba, na hilo nalo ni sehemu ya kosa langu, kwa sababu unayempenda humuulizi maswali.

Mengine ni haya. Ukiongea na mgonjwa, kaa upande wake dhaifu, ili ageuze shingo na kuukumbuka. Usimpe maji akiwa amelala, yatamwendea mapafuni. Mgeuze kila baada ya saa mbili na umwangalie visigino na makalio. Na ndugu wakiwaambia mdomo umeenda upande ghafla, au mkono umelegea, au ulimi umekuwa mzito, waambieni waje saa hiyo hiyo. Wasianze kutafuta nani kamroga.

Sasa kikombe.

Wakati ule wodi ilikuwa na wauguzi wawili kwa zamu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo tulikuwa tunamsikia redioni tu. Wagonjwa wa kiharusi ni wazito, kumnyoosha mmoja viungo asubuhi na jioni kunakula muda, na pembeni kuna mwenye malaria anatapika na mwenye jipu analia. Mzee Wilbroad akabuni kipimo. Siku ya tatu tangu mgonjwa aingie, anaketishwa, anapewa kikombe cha uji vuguvugu, nusu, kwenye mkono uliopooza. Akishike huku akisali Baba Yetu mpaka amina. Mwislamu asome Alhamdu. Kuna mzee mmoja wa duka la vitenge alituambia, "Nesi, Alhamdu yetu fupi. Sitaki upendeleo wa wakristo." Akaisoma mara mbili, taratibu, akivuta kila neno, na uji haukumwagika. Wodi nzima ilimpigia makofi.

Aliyefika amina tulimnyoosha viungo kila siku mpaka anatoka. Aliyeangusha kikombe, tuliwaita ndugu zake tukawaambia, "Mkono huu umekufa. Mzoezeni mwenzake." Hatukuwa wakatili. Mikono yetu ilikuwa minne na ya wagonjwa mingi, ikabidi kuchagua. Na kwa macho yetu kikombe hakikukosea. Imenichukua uzee kuona ujinga wake: tuliyemnyoosha alipata nafuu, tusiyemgusa hakupata, kisha tukasema kikombe kimetabiri.

Mzee Wilbroad alipostaafu, nami nilihamishiwa wodi ya wanawake. Nikaenda na kikombe. Hakuna aliyenituma. Muuguzi mmoja aliniuliza kama kipimo cha wanaume kinafaa kwa akina mama, nikamjibu, "Kwani ubongo umevaa sketi?" Walicheka sana. Nikaona nimesema la maana, nikawa nalirudia kila wakija wanafunzi wapya.

Lakini macho nilikuwa nayo. Kuna mama muuza dagaa wa Ikola alikiangusha kikombe siku ya tatu, nikamwambia yangu yale, akaenda zake. Baada ya miezi mitatu hivi aliingia wodini na ndoo ya dagaa kichwani, ameishikilia kwa mkono ule ule niliouzika. Akaitua mezani kwangu.

"Nesi, maiti imekuletea mboga."

Tulicheka mpaka machozi. Nikamuuliza nani alimfanyia mazoezi. Akasema hakuna, ila dagaa wakianikwa lazima wageuzwe, na jua halingoji mkono wa mtu. Niliwapika wale dagaa kwa nyanya na karanga, walikuwa watamu. Kesho yake nikampa kikombe mgonjwa mwingine, kama kawaida. Nilijiambia yule wa Ikola ni bahati, au labda hata hakikuwa kiharusi, ni hasira za kuachwa na mume. Mimi mwanamke, nilimwona mwanamke mwenzangu amepona mbele ya macho yangu, nikaona heri nimtilie shaka yeye kuliko bati. Hapo naona aibu hata ya kuandika.

Mama Kulwa aliletwa miaka minane iliyopita kutoka Sibwesa. Ni Msukuma, mama wa mapacha, rika langu kabisa. Familia yao ilikuja Katavi na ng'ombe wakati watoto wakiwa wadogo, na yeye alijulikana huko kwao kwa samli. Kibuyu cha maziwa alikisukasuka yeye na hakuna mkwe aliyeruhusiwa kukigusa. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda upande kidogo, lakini maneno alikuwa nayo. Mumewe, Mzee Masanja, alikaa chini kando ya kitanda siku zote tatu, kofia magotini.

Siku ya tatu nikampa kikombe. Nikamwambia asali. Akasema Baba Yetu haijui na Alhamdu haijui.

"Basi hesabu chochote," nikamwambia.

"Nihesabu ng'ombe?"

"Hesabu."

Akaanza kuwataja ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja, macho kafumba, na mumewe akiitikia kwa kichwa kama anawaona wanaingia zizini. Alifika wa tano. Kikombe kikainama, uji ukamwagika kwenye shuka. Mimi nilikuwa na wagonjwa wengine wanane. Nikafuta uji, nikasema mbele ya mumewe, "Mama, mkono huu umekufa. Usiuhangaikie, utajichosha bure. Zoeza wa kushoto."

"Umekufa kabisa?"

"Kabisa."

Akauvuta mkono wa kulia kwa kutumia wa kushoto, akaufunika na kanga. Hakulia. Kesho yake waliondoka, na mimi nikamsahau kama nilivyowasahau wengi.

Ng'ombe watano, wanangu. Mkono uliokufa unashika kikombe kwa ng'ombe watano?

Nilimkumbuka mwaka jana. Wauguzi wapya walikuwa na siku ya mafunzo, wakaalikwa wastaafu tuje kuwapa wosia. Nilivaa gauni la kitenge, nikabeba na kikombe kwenye mkoba. Nikawaeleza habari ya Mzee Wilbroad, wakacheka. Nikawaonyesha jinsi ya kukishika, na kijana mmoja mbele akasema, "Bibi noma sana." Nikavimba kichwa. Nikamalizia na sketi yangu: mwanaume au mwanamke, kipimo ni hicho hicho, ubongo haujavaa sketi. Makofi.

Nyuma kabisa alikuwa Daktari Zuhura. Huyu namjua tangu ananyonya. Baba yake ana duka la vyombo mtaa wa pili kutoka kwangu. Amesomea magonjwa ya ubongo na alikuja nyumbani likizo, wakamwomba naye azungumze. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Bibi Skola, shikamoo tena. Hicho kikombe, wale wa kwanza mliowapima, walikuwa wanaume au wanawake?"

"Wanaume. Wodi ya wanaume."

"Wote?"

"Wote, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akakaa. Adabu yake ile iliniuma kuliko kama angenibishia. Zamu yake ilipofika alianza na habari nilizozijua: damu ikikosekana kwenye sehemu ya ubongo, sehemu ile inakufa. Kisha akaingia nisikokujua. Alisema ubongo una askari wake wa kinga, seli ndogo zinazoishi humo humo maisha yote. Siku za kawaida zinazunguka doria. Kiharusi kikipiga zinabadilika umbo, zinameza uchafu wa zilizokufa, zinaita wenzao kutoka kwenye damu. Zinasaidia, na zinaweza pia kuharibu. Nikawaza mgambo wa kata: umewaita wazime moto kwako, wamevunja na mlango wa jirani.

"Sasa watafiti wanaona," akasema, "hao askari hawafanyi kazi kwa mtindo mmoja kwa dume na kwa jike. Kwenye panya wameona tofauti ya jinsi wanavyowaka, jinsi wanavyotulia, na muda. Umri nao unageuza mambo, jike kijana si sawa na jike mzee. Homoni zimo, ila siyo homoni tu. Seli yenyewe, ndani kabisa, ina jinsia."

Kijana wa mbele akauliza kwa nini hawakufundishwa hivyo chuoni.

"Kwa sababu miaka mingi maabara zilitumia panya madume. Majike walionekana wana mzunguko wa kila siku chache, unavuruga majibu. Wakawaacha. Walichokiona kwa madume wakakiita ubongo."

Ukumbi ulicheka kidogo. Mimi sikucheka. Kikombe kilikuwa mbele yangu mezani, na nilihisi kila mtu anakitazama, ingawa nadhani hakuna aliyekitazama. Wale wa maabara na sisi wa wodi tulifanya kosa moja, ila wao walikosea kwa panya.

Baadaye nilimfuata nje, alikuwa anangoja bodaboda.

"Zuhura, nieleze vizuri. Mwanamke basi tumpime siku ya ngapi? Ya kumi? Ya thelathini?"

Aliniona nilivyo. Akanishika mkono.

"Bibi, hakuna siku. Mambo ya panya bado yanachunguzwa, hatuwezi kuyachukua tukayaweka kitandani kwa mtu. Pengine kikombe kiliwakosea hata wanaume. Hatujui."

"Daktari mzima unasema hatujui?"

"Ndiyo. Na mtu asiyejua hamwambii mgonjwa kwamba mkono umekufa."

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Jua kali, na nilikuwa na nauli. Njiani nilianza kuwahesabu wanawake niliowapa kikombe, nikashindwa kufika popote kwa sababu majina sikuwa nayo. La Mama Kulwa nilikuwa nalo kwa sababu ya wale ng'ombe.

Wiki tatu nilijipa visingizio. Mara mvua, mara magoti, mara nilijiambia atakuwa ameshafariki, na Mungu anisamehe, kuna siku nilitamani iwe hivyo ili nisiende. Mwisho nilinunua sukari kilo mbili na sabuni, nikakodi bodaboda mpaka Sibwesa. Kwa Mzee Masanja kila mtu anakujua.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba ya tofali, anachambua maharage kwa mkono wa kushoto. Haraka, kuliko mimi kwa yote miwili. Wa kulia haukuonekana. Alinitazama, akanitambua kabla sijasema jina.

"Nesi wa kikombe. Mwangaluka, mayu."

Mayu kwao ni mama. Nikaitikia salamu yake ya Kisukuma vibaya, akacheka, akanipa mkono wa kushoto. Mumewe alikuwa machungani. Mkwe akaleta kigoda, akaleta maziwa ya mgando. Nikauliza kama samli bado anatengeneza.

"Anatengeneza huyu mkwe. Inachacha." Akamtazama mkwe, mkwe akaingia ndani. "Kibuyu kinataka mikono miwili."

Nilitaka kuanza na maelezo. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima: askari wa ubongo, panya, madume, uchache wa wauguzi. Nikaona yote ni visingizio vilivyovaa koti jeupe. Nikasema tu, "Mama Kulwa, nimekuja kukuomba radhi. Ule mkono sikujua kama umekufa. Nilisema tu."

Alimaliza maharage yaliyokuwa mbele yake. Kisha akafungua kanga. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kifuani kwa kitambaa safi, kimekunjwa vizuri, fundo la mtu aliyefunga kila asubuhi kwa miaka. Nikakumbuka bendeji ya Mzee Wilbroad. Mimi nilifungwa zamu moja tu, na nilinung'unika wiki nzima.

"Naruhusiwa?"

Akaitikia kwa kichwa. Nikafungua. Vidole vilikuwa vimekunjamana ndani ya kiganja, kiwiko kimekakamaa, ngozi nyeupe na laini, isiyojua jua. Nikaushika chini ya kiwiko na chini ya kiganja, kama nilivyofundishwa, nikaanza kunyoosha kidole kimoja kimoja, polepole. Nilipofika gumba nikahisi kitu kidogo kinanivuta. Nikadhani ni mimi. Nikaacha kuvuta, nikangoja. Kikanivuta tena.

"Huwa unacheza?" nikamuuliza.

"Ulikuwa unacheza." Alikuwa anautazama kama si wake. "Mwaka ule wa kwanza. Nikikaa nimetulia, naona kidole kinapanda chenyewe. Siku nyingine viwili. Nikaogopa sana, mayu. Wewe ulisema umekufa. Kilichokufa kikianza kucheza, mtu unafanyaje? Sikumwambia hata mzee. Nikaufunga."

Wanangu, nimetukanwa kazini. Nimepigwa kofi na mume wa mgonjwa, nimeitwa mchawi na mama wa marehemu. Hakuna lililonipata kama lile neno, nikaufunga. Nililia pale kwenye kigoda, bibi mzima, nimeshika mkono wa watu. Yeye hakulia wala hakunibembeleza. Aliniacha nilie mpaka nimalize, kama mtu anayengoja mvua ipite aendelee na safari.

Naenda Sibwesa kila wiki mbili sasa. Zuhura alimpima, akatuandikia mazoezi, na akatuonya wote wawili tusijipe matumaini makubwa, kwa sababu miaka minane ni mingi na mkono uliokakamaa hauombwi radhi ukalainika. Siwaandikii haya ili mseme bibi amerekebisha. Sijarekebisha kitu. Kibuyu bado anakisukasuka mkwe, na samli bado inachacha.

Lakini kuna hili la siku ile ya kwanza, na ndilo nililoketi kuwaandikia, mengine yote yalikuwa ya kuzunguka. Nilipokuwa nafuta machozi kwa upindo wa kanga, Mama Kulwa aliuchukua mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akauweka mapajani kwangu.

"Sasa unasemaje, nesi? Umekufa, au haujafa?"

Mzee Masanja alikuwa amesharudi, amesimama nyuma yake, kofia mkononi, anangoja jibu kama alivyongoja wodini. Zamani ningejibu kabla ya ng'ombe wa pili.

"Sijui, Mama Kulwa," nikasema. "Kwa kweli sijui."

Hakuuondoa mkono mapajani kwangu.

"Ungesema hivyo siku ile," akasema.